Mtoto Anajua Kanuni, Mbona Hafuati? Mwongozo kwa Mzazi wa Nairobi

Mtoto wa miaka mitatu atakwambia vizuri kabisa kwamba jiko la gesi haliguswi, na atakwambia hivyo mkono wake ukiwa umeshafika kwenye jiko. Mzazi aliyetoka kazini amechoka huona kiburi. Mara nyingi si kiburi. Mtoto huyu anajua kanuni ila hajaweza kuifuata, na kati ya kujua na kuweza kuna miaka. Miaka hiyo inategemea ubongo unaokomaa kwa ratiba yake wenyewe, na mazingira yanayomlea mtoto. Ratiba huwezi kuiharakisha. Mazingira unaweza kuyapanga hata kama mnaishi chumba kimoja mtaani Pipeline, na ndiyo kazi ya mwongozo huu.

Ubongo kwanza, kwa ufupi. Sehemu inayomwezesha mtu kujizuia, kushika maagizo akilini na kubadili mwelekeo iko mbele, nyuma ya paji la uso. Ndiyo ya mwisho kukomaa, na haimalizi mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu. Amigdala, kijisehemu cha ndani kinachoshughulika na hofu na hasira, huwa kazini tangu uchanga. Ukubwa usikudanganye: mtoto wa miaka sita ana ubongo uliofika takriban asilimia 90 ya ule wa mtu mzima, lakini nyuzi nyingi zinazounganisha mbele na ndani bado zinavikwa mielini, mafuta yanayozifunika kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, ili ujumbe upite haraka. Njia zinazotumika mara kwa mara huimarika, zisizotumika hupunguzwa. Kwa hiyo anachokiishi mtoto kila siku kinaingia kwenye ubongo wenyewe.

Hatua ya 1: Cheza naye mchezo wa vifuniko

Kabla ya kumdai mtoto chochote, ona anachoweza. Kusanya vifuniko vidogo vya chupa za maji na vikubwa vya mitungi, vyekundu na vya buluu. Chukua mabakuli mawili. Bakuli la kwanza liwekee kifuniko kidogo chekundu kiwe alama, la pili liwekee kikubwa cha buluu. Sasa mpe mtoto vikubwa vyekundu na vidogo vya buluu avipange kwa rangi. Hapo hana shida. Akishapanga kama sita hivi, mwambie: "Sasa tunabadilisha. Vikubwa viende kwa kikubwa, vidogo kwa kidogo."

Wengi wa miaka mitatu wataendelea kupanga kwa rangi. Ukimwuliza, "Kikubwa kinaenda wapi?" atakuonyesha bakuli sahihi kwa kidole. Mpe kifuniko kikubwa chekundu mkononi, atakitia kwa chekundu. Mwanasaikolojia wa Kanada, Philip David Zelazo, alilifanya jambo hili kwa kadi za picha, na likarudiwa na watafiti wengi: wa miaka mitatu hukwama kwenye kanuni ya kwanza, wa miaka mitano wengi hubadilika bila taabu.

Usiugeuze mtihani, na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Faida yake ni kwako wewe. Ukishaona vidole vyake vikifanya kinyume cha alichosema sekunde mbili zilizopita, utaacha kumpa maagizo manne kwa mpigo: "Vua viatu, weka begi, nawa mikono, kaa ule." Mpe moja, subiri alifanye, ndipo utoe la pili. Kwa shughuli za kila asubuhi, chora picha nne (mswaki, sare, viatu, begi) uzibandike mlangoni kwa urefu wa macho yake. Karatasi ikikumbuka kwa niaba yake, hutalazimika kupiga kelele.

Hatua ya 2: Hesabu usingizi kutoka mwisho

Hapa ndipo familia nyingi za Nairobi zinapopotezea nusu ya vita. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wa shule ya msingi, wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu. Basi la shule likipita stejini saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, anaamshwa saa kumi na moja. Ili apate saa kumi, awe amelala saa moja jioni. Saa moja jioni mama yake bado yuko kwenye foleni Mombasa Road.

Kanuni za elimu za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, lakini basi linalozunguka mitaa saba haliwezi kungoja. Ubongo uliokosa usingizi huumia kwanza pale mbele penye breki. Kile tunachokiita utundu wa jioni mara nyingi ni uchovu mtupu, na hakuna mbinu ya malezi inayoshinda uchovu.

La kufanya: kama shule unaichagua wewe, umbali uupe uzito kuliko jina. Shule ya kawaida unayoifikia kwa miguu humpa mtoto saa nzima ya kulala. Kama umeshafungwa na shule ya mbali, mwombe anayebaki na mtoto amwogeshe na kumlisha kabla hujafika, ili ukifika mpate nusu saa ya kuzungumza kisha alale. Najua wazazi wengine wanataka mtoto angoje wale pamoja. Kwa mtoto mdogo, ningeahirisha hilo hadi wikendi. Sare, soksi na begi viwe tayari usiku. Na ukimkuta amelala, muache.

Njaa nayo ihesabu. Mtoto aliyekula saa sita mchana na kushuka basini saa kumi na moja jioni anahitaji uji kabla ya maswali kuhusu homuwaki.

Hatua ya 3: Linda ahadi zako

Wengi wamesikia jaribio la peremende la Walter Mischel, Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea: mtoto anaachwa na peremende moja laini, akiambiwa akingoja mpaka mtu mzima arudi atapewa ya pili. Hadithi iliyosambaa ni kwamba waliongoja walifanikiwa maishani. Mwaka wa 2018 watafiti Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walilipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 900, na walipozingatia hali ya familia na ya nyumbani, sehemu kubwa ya uhusiano huo ikayeyuka.

Jaribio ninalotaka ulikumbuke ni lingine. Mwaka wa 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaahidi watoto rangi nzuri zaidi za kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu waliambiwa, "Pole, kumbe hatuna." Halafu wote wakawekewa peremende. Walioletewa walingoja kwa wastani dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Watoto walikuwa 28 tu, lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Wale waliokula haraka walikuwa wamepiga hesabu sawasawa: kwa watu hawa, cha mkononi ndicho cha uhakika.

Sasa sikiliza tunavyoongea majumbani. "Nyamaza nitakununulia." "Jumamosi tutaenda kwa shosho," yaani bibi. Asubuhi tunatoroka: anti, msaidizi wa nyumbani, anampeleka mtoto dirishani aone ng'ombe asiyekuwepo, mama anachomoka na mkoba. Kilio cha asubuhi kinaepukwa, halafu jioni nzima mtoto anang'ang'ania sketi yako hata ukienda msalani, kwa sababu ameshajifunza kwamba ukimpa kisogo unapotea.

Fanya hivi. Aga kila siku, kwa maneno yale yale: "Naenda kazi. Utakula na anti, utalala, ukiamka mtacheza, halafu nitakuja." Atalia siku za mwanzo, mwache alie, ondoka bila kurudi mara ya pili mlangoni. Ahadi usizokuwa na hakika nazo usizitoe. Ukisema Jumamosi, iwe Jumamosi. Pesa ikikosekana, mwambie Ijumaa usiku, usingoje aamke amevaa viatu: "Shosho tutamwona mwisho wa mwezi. Kesho tutaenda bustani ya Jeevanjee tucheze mpira." Kisha nendeni kweli.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka wa 2018 matokeo ya watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kamerun, waliowekewa andazi la kwao badala ya peremende. Karibu asilimia 70 walingoja hadi mwisho. Wajerumani wa umri huo, chini ya asilimia 30. Mama wa Kinso hubeba mtoto karibu na mwili, humtarajia atulie mapema, humpa kazi ndogo za nyumbani, na matarajio hayo hayabadiliki leo na kesho. Malezi hayo hayakutoka ng'ambo, na bibi zetu wengi wangeyatambua.

Hatua ya 4: Akilipuka, punguza maneno

Mahali: foleni ya kulipia supamaketi, pale walipopanga chokoleti kwenye kimo cha mtoto kwa makusudi. Amelala sakafuni, anapiga miguu. Kwa wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo imezidiwa, mwili umejaa homoni za msongo, na hotuba yako haisikiki. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hawezi kujituliza peke yake. Anahitaji utulivu wa mtu mzima aliye karibu, kwa hiyo wewe ndiwe wa kwanza kutulia.

Pumua mara moja, polepole. Chuchumaa uwe kimo chake. Sauti ishuke chini kuliko ya kawaida. Sema kifupi: "Umekasirika. Ulitaka chokoleti. Leo hatununui. Niko hapa." Basi. Usirudie mara kumi, usianze kueleza bei ya unga. Kama anakubali kushikwa, mshike. Kama anakusukuma, kaa karibu. Kutaja hisia kwa jina si mapambo: Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha mwaka wa 2007 kwamba watu wazima wakiipa hisia jina, amigdala hupunguza mwitikio wake. Mtoto naye anahitaji kupewa majina hayo, zaidi ya "kulia" na "kunyamaza": kukasirika, kuogopa, kuona wivu, kuchoka, kukosa subira.

Watu nao watasema. Mmoja: "Mpe tu anyamaze!" Mwingine, mama wa makamo mwenye kikapu: "Huyo anataka kiboko." Mjibu kwa heshima, "Asante mama, atatulia," kisha urudishe macho kwa mtoto. Hadhira ndiyo inayotushinda wengi, kuliko mtoto mwenyewe.

Chokoleti usinunue, hata akinyamaza. Mazungumzo yaje baadaye, mkiwa njiani au jioni: "Pale dukani ulikasirika sana. Tukirudi kesho, utafanya nini ukiiona?" Mpangie jibu ambalo mikono yake inaweza kulifanya: abebe mkate, ashike mkono wa troli. Na kama unajua hawezi, pita foleni isiyo na peremende au umwache nyumbani. Hata Mischel aligundua kwamba watoto walingoja muda mrefu zaidi peremende zilipofunikwa. Kuficha kishawishi ni akili, na watu wazima hufanya hivyo kila siku na simu zao.

Hatua ya 5: Mazoezi yawe mchezo

Michezo ya zamani ya mitaa ilifanya kazi hii bila mtu kuipangia. Kwenye brikicho unajificha huku moyo unadunda na huruhusiwi kucheka. Blada, kuruka kamba ya mpira, inataka ushike mpangilio wa miruko kichwani na ungoje zamu. Kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, inataka utazame mpira badala ya kukimbia ovyo. Siku hizi ploti nyingi hazina uwanja, na juu ya paa penye kamba za nguo si mahali pa mtoto kukimbia. Ndani ya nyumba basi: weka muziki, ukizima wote wawe sanamu. Au cheza kinyume: nikisema gusa kichwa, unagusa vidole vya miguu, nikisema vidole, unagusa kichwa. Watafiti kama Megan McClelland wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon hutumia mchezo wa aina hiyo kupima kujidhibiti kwa watoto wanaoanza shule. Dakika kumi zinatosha, na badilisha kanuni mara akizoea, maana kubadilisha ndiko kunakotia ubongo kazini.

Kalongo, mchezo wa kuigiza baba na mama, usiidharau. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alisema mtoto akiigiza hujitawala kuliko anavyoweza akiwa yeye mwenyewe, kwa sababu kila nafasi ina kanuni zake. Baadaye, katika miaka ya 1940, wenzake waliwaomba watoto wasimame bila kutikisika. Wale wadogo walishindwa haraka, lakini walipopewa nafasi ya mlinzi wakasimama muda mrefu zaidi. Nairobi walinzi tunao kila geti. Mkiwa kwenye foleni ya kliniki, badala ya "tulia!" jaribu: "Wewe ni soja. Linda huu mkoba. Mtu akipita, mpigie saluti bila kuongea." Utacheka, na foleni itasonga.

Ukimsikia akijisemea peke yake, "Sasa hii hapa, hii hapana," usimnyamazishe. Anatumia maneno kujiongoza, na baadaye maneno hayo yatahamia kichwani.

Hatua ya 6: Waleaji wote wajue kanuni zile zile

Mtoto wa Nairobi hulelewa na watu kadhaa kwa siku moja: anti nyumbani, mwalimu, mama wa bebikea anayelea watoto wa mchana, jirani wa mlango wa pili. Kanuni zikiwa kumi na mbili hakuna anayezishika. Chagua tatu (hatupigi, tunaomba kabla ya kuchukua, tunaaga kabla ya kutoka) na uketi na anayemlea mtoto, umweleze kama mwenzako kazini: "Anti, akilia kwa ajili ya simu usimpe. Mwambie nimekataa mimi. Akizidi, mtoe nje kidogo." Anti anayeogopa kulaumiwa atampa simu, na mimi simlaumu.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kabisa kwa walio chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linataka isizidi saa moja kwa siku. Katuni moja wakati unapika haiharibu mtoto. Tatizo ni simu kuwa dawa ya kila kilio, kwa kuwa mtoto hapati nafasi ya kujaribu kutulia mwenyewe.

Viboko. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu za kimwili shuleni. Hata tukiiacha sheria, kiboko humfunza mtoto kuangalia mtu mzima yuko wapi. Ukitoka chumbani, breki inatoka nawe. Adhabu inayofundisha inafanana na kosa: aliyemwaga maji anapangusa, aliyerusha kigari anakikosa mpaka kesho.

Hatua ya 7: Jitunze, na usimsahau mkubwa

Ukishuka matatu ukiwa umetukanwa na konda na umenyeshewa, simama dakika moja kwenye ngazi kabla ya kufungua mlango. Mtoto husoma uso wako kabla hujasema neno.

Aliye Grade 7 au zaidi usimhesabu kuwa amemaliza. Wakati wa kubalehe, mifumo ya ubongo inayotafuta raha na sifa huchangamka kabla breki za mbele hazijakomaa. Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha mwaka wa 2005, kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, kwamba vijana walihatarisha zaidi wenzao wakiwatazama, ilhali kwa watu wazima wenzao hawakuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo swali la maana kwa kijana ni "utakuwa na nani?" Simu ilale sebuleni, asiwe na laini anayoweza kubetia bila wewe kujua, na makubaliano yafanywe mchana, mkiwa mmetulia.

Hatua ya 8: Jua wakati wa kutafuta msaada

Hasira za miaka miwili au mitatu ni za kawaida. Nenda ukapimiwe mtoto ikiwa amefika umri wa shule na bado milipuko ni ya kila siku nyumbani na shuleni pia, anajiumiza au anaumiza wengine, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au hawezi kutulia hata kwenye jambo analolipenda. Anza na kliniki iliyo karibu, wakague masikio na macho kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto kielimu vipo katika kaunti, na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iko Kasarani. Hospitali za Kenyatta na Mathari zina huduma za afya ya akili. Ukishuku mtoto anadhulumiwa popote anapoachwa, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.

Kabla ya kwenda, andika daftarini kwa wiki mbili: alilala saa ngapi, alikula nini, mlipuko ulianza wapi na nini kilitangulia, nani alikuwepo, ulichukua muda gani. Mwombe mwalimu naye aandike yake. Daktari atapata humo mengi kuliko ukimwambia tu, "Huyu mtoto ananisumbua."